Mkono Wangu wa Kushoto Uliniumbua Kisimani

Nimekosa, tena nimekosa vibaya, na nikianza kujitetea hapa katikati unikatize. Kosa lenyewe lilianzia juu ya benchi ya mazoezi pale mtaani Bulla Pesa, likaishia kichwani mwa mzee wa watu akiwa ndani ya kisima. Ndiyo, umesoma vizuri. Kichwani mwa baba wa msichana ninayetaka kuoa!

Jina langu liache. Isiolo ni mji mdogo, na najua wengine mtanitambua kabla ya kufika nusu ya haya maneno. Ukinitambua, njoo unyoe kama kawaida na usiniangalie hivyo.

Mimi ni kinyozi. Kwetu ni Meru, huko juu kwenye baridi, lakini Isiolo nimekaa mpaka nimesahau kuvaa sweta. Kazi yangu huifanya nikiwa na vesti. Mimi huwaambia watu ni kwa sababu ya joto. Uongo! Sababu ni mkono wangu wa kulia.

Hebu fikiria. Mteja akikaa kwenye kiti changu, anachoona kwenye kioo ni kichwa chake na mkono wangu wa kulia umeshika mashine. Mkono wa kushoto uko nyuma, umeshika kisogo, na hakuna anayeujali. Siku nzima kioo kinanionyesha mkono mmoja tu, na mimi nami nikaupenda huo huo.

Mambo yaliharibika zaidi siku ile Akiru aliingia kunyoa. Akiru ni mwalimu wa chekechea, Mturkana wa Ngaremara, na hupenda nywele fupi kabisa. Ni mrefu kuliko mimi, hilo nalo niseme mapema. Nilikuwa namalizia upande wa sikio aliponiangalia kwenye kioo na kuuliza, "Kinyozi, hiyo mkono unalisha nini?"

Jamani! Nikacheka kama mjinga, nikamnyoa bure, na jioni hiyo nikaenda kwa Guyo.

Guyo ni Mborana mwenye sauti ya kuita ngamia kutoka Sericho kule mbali, na ana jim yake nyuma ya mashine ya kusaga unga. Usifikirie jim ya kwenye runinga. Vyuma vingi pale ni mikebe ya rangi iliyojazwa simiti na kuunganishwa kwa bomba. Dambeli ya kweli, ile ya chuma kutoka dukani, ni moja tu. Pacha wake alipotelea wapi hakuna ajuaye. Ukimuuliza Guyo, anasema aliolewa Marsabit.

Kwa sababu dambeli ni moja, pale kwa Guyo kifua hufanywa mkono mmoja mmoja. Unalala chali kwenye benchi, unasukuma dambeli juu kutoka kifuani kwa mkono huu, kisha unabadilisha, halafu unampa mwenzako anayengoja kwenye ukuta. Siku yangu ya kwanza Guyo alinisimamia kichwani na kunisomea sheria zote.

"Miguu yote chini, na kisigino pia! Mabega vuta nyuma, bana kwa benchi. Makalio isitoke! Huo mkono haina kazi weka kwa tumbo, usishike benchi kama mtu anaanguka kutoka kwa mti. Mkono ya chuma nayo iwe wima, usikunje hapa kwa kiganja. Kiwiko isipanuke kama bawa ya kuku. Shusha polepole mpaka karibu na kifua, sukuma juu ukitoa pumzi. Chuma itakuvuta upande yake. Wewe kataa! Kaza tumbo, kaa katikati."

"Sawa, kocha."

"Bado. Anza kushoto! Kushoto ndiyo dhaifu, hiyo ndiyo inasema utafanya ngapi. Kushoto ikichoka, kulia inafanya ile ile ya kushoto. Haiongezi hata moja, umesikia? Na usichukue hiyo ya chuma sasa. Anza na ya mkebe."

Nilisikia. Sina kisingizio cha masikio. Nilisikia kila neno, na siku hiyo nilitii.

Basi nilipoinua ule mkebe kwa kushoto, mkono ukaanza kutetemeka. Si kidogo! Ulitetemeka mpaka vijana wa bodaboda waliokuwa wanangoja zamu wakaanza kunipigia makofi ya kunicheka. Na mlango wa Guyo hauna pazia, kwa hivyo akina mama waliokuwa wamepanga foleni na mahindi yao kwenye mashine waliniona vizuri. Mmoja alisema, "Mungu amsaidie," na hakuwa anatania.

Nilipobadilisha na kuchukua kulia, vicheko vikakatika. Mkono ulipanda kama hauna kitu. Mmoja wa waliocheka akasema, "Eh, kumbe uko na nguvu!"

Hapo ndipo nilipopotea. Kesho yake nilianza na kulia. Kesho kutwa niliacha mkebe nikachukua dambeli ya chuma, kwa kulia. Wa kushoto nikauambia utangoja. Foleni ilikuwa ndefu, watu wanataka chuma, na mimi nikajifanya mtu mwenye roho nzuri, nikawa nawaachia zamu ya mkono wangu wa kushoto. Walinishukuru! Walidhani ni adabu.

Tena hata huo wa kulia sikuufanya vizuri. Chuma kilikuwa kizito kuliko uwezo wangu, kwa hivyo niliinua makalio, nikapinda mgongo, nikashika ukingo wa benchi kwa kushoto, nikajikunja upande mmoja. Guyo akitokea, najinyoosha. Guyo akienda kuswali, najikunja tena.

"Kushoto umefanya?" alikuwa akiniuliza.

"Nimefanya asubuhi, kocha. Ulikuwa hujafika."

"Mashallah," alikuwa akisema, na kuendelea na shughuli zake. Mtu mwenyewe aliniamini!

Miezi ilipita. Mkono wa kulia ukanenepa, kifua cha kulia kikajaa, na kamba ya vesti upande wa kushoto ikaanza kuteleza na kuanguka kila ninapoinama. Mimi na Akiru tulikuwa tumeshakuwa wapenzi wakati huo, na alikuwa mtu wa kwanza kuniambia ukweli.

"Ukisimama kwa mlango," alisema, "unakaa kama kabati imekosa mguu moja."

"Ni kazi," nilimjibu. "Kinyozi hutumia mkono mmoja."

"Na hicho kifua pia kinanyoa?"

Nikabadilisha mazungumzo. Tangu siku hiyo kila tukipiga picha nilihakikisha nimegeuza upande wa kulia.

Kisha siku moja Akiru akaja dukani akiwa na uso wa habari kubwa. Alikuwa amewaambia kwao juu yangu. Moyo ulinipasuka kwa furaha, nikaanza kuuliza wazee wangu waende lini kuposa, wabebe nini.

"Polepole," alisema. "Baba anasema uje Jumamosi kunywesha mbuzi."

"Kunywesha mbuzi?"

"Kwetu ndiyo hivyo. Kijana akitaka msichana wa Baba, wazee hawakai chini kabla Baba hajamweka kwa kisima. Shemeji zangu wote walipitia hapo. Mmoja aliambiwa arudi baada ya mwaka."

Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nilicheka kwa raha! Kisima ni kuinua maji, na kuinua ndiyo kazi yangu. Mungu alikuwa ameniletea mtihani ambao nilikuwa nimeusomea. Jumamosi nikavaa ile vesti.

Kisima chenyewe kiko kwenye laga, ule mto wa mchanga ambao maji yake hukaa chini kwa chini wakati wa kiangazi. Wamechimba shimo refu kwenda chini, na kwenye kuta zake wamekata vidato vya kukanyaga na kuviimarisha kwa miti. Watu husimama mmoja juu ya mwingine, miguu imetanuliwa ukuta hadi ukuta. Wa chini kabisa huchota, humpa aliye juu yake, na ndoo hupanda mkono kwa mkono mpaka kwa mtu wa nje anayemimina kwenye hori.

Mzee Lokai, baba yake Akiru, alinipokea vizuri. "Ejok?" akaniuliza. "Ejok noi," nikajibu, maana salamu hiyo ya Kiturkana nilikuwa nimefundishwa. Ni mzee mwembamba mwenye kofia yenye unyoya mweusi wa mbuni, na hiyo kofia haivui hata akishuka kisimani. Siku ya kunywesha, nafasi ya chini ni yake mwenyewe. Juu yake alisimama Ekal, kaka mdogo wa Akiru, kijana mkimya ambaye alikuwa amenipa kikombe cha chai nilipofika. Juu ya Ekal nikawekwa mimi. Akiru akawa nje, mdomoni mwa kisima, wa kupokea na kumimina. Majirani walikuwa wameketi kwenye kivuli cha mti wa miiba wakinitazama, na mbuzi walikuwa wanalia kwa kiu.

Mpango ni huu. Mkono mmoja unapandisha ndoo iliyojaa. Mkono wa pili unashusha ile tupu. Ndoo zinapishana, wimbo unaimbwa, na hakuna anayesimama. Unapokea ndoo ikiwa usawa wa kifua na kuisukuma juu ya kichwa chako.

Tukaanza. Woi, nilikuwa mzuri! Kulia ilisukuma ndoo kama kikombe. Akiru alikuwa anazipokea akicheka. Nilisikia sauti ya jirani mmoja huko juu ikisema, "Hii mtoto ya Meru iko na mkono!" Nikakaza zaidi ili vesti ionekane, kana kwamba kuna mtu anaona vesti ndani ya shimo.

Halafu Mzee akapaza sauti kutoka chini: "Geuza!"

Sikuelewa. Ekal aliniangalia kutoka chini na kunieleza kwa upole, "Sasa iliyojaa inapanda na kushoto. Mkono ingine ipumzike. Baba akisema, wote tunageuza."

Nikajaribu ujanja, nikajifanya sijasikia, nikaendelea na kulia. Ndoo tupu ya Akiru ikakutana na ndoo iliyojaa ya Ekal mbele ya pua yangu, zikagongana, maji yakamwagika, wimbo ukakatika. Mzee akarudia, na safari hii haikuwa sauti ya kuimba. "Geuza!"

Nikageuza.

Ndoo ya kwanza ya kushoto ilipanda kwa neema ya Mungu. Ya pili nilifanya vile nilivyozoea kwa Guyo: nikainua nyonga, nikapinda mgongo, nikajikunja upande mmoja. Sasa, ukijikunja kwenye benchi, benchi inakubeba. Ukijikunja kisimani, mguu unatoka kwenye kidato. Wangu ukatoka. Nikashika ukuta kwa kulia, vidole vya kushoto vikafunguka. Ndoo ikaenda.

Ekal aliikwepa kwa kujibana ukutani. Mzee hakuwa na pa kujibana.

Ule mlio siwezi kuusahau. Kwanza "ko!" halafu maji. Mbuzi pekee ndio waliendelea kulia.

Tulimtoa. Alikuwa hai, alikuwa anatembea, na alikuwa amelowa kama nguo iliyotoka kwenye beseni. Kichwani pamevimba. Kofia ilitolewa baadaye kwa fimbo, unyoya wake umevunjika katikati. Mzee aliichukua akaigeuza mkononi, akauliza swali moja tu: "Nani ameachilia?"

Na mimi, mtu mzima, Mkristo, mwenye biashara yangu, nikanyoosha kidole.

"Ekal aliiachilia kabla sijashika vizuri," nikasema.

Hapo ndipo penye ungamo langu. Ndoo yenyewe ningesamehewa, ndoo huanguka. Lakini nilimtwika kijana asiye na hatia mzigo wangu, tena yule aliyenipa chai!

Ekal aliniangalia. Akafungua mdomo, akaufunga. Sikujua wakati huo kwamba kwao mgeni habishiwi mbele ya watu, hata mgeni akisema jua limetoka Wamba, huko linakozama. Mzee akamgeukia na kuanza kuongea Kiturkana, muda mrefu, na neno pekee nililoelewa ni jina la Ekal likirudi tena na tena. Majirani wakatikisa vichwa. Mwisho akaongea Kiswahili, nadhani ili nami nisikie na niridhike.

"Wewe hutaingia kwa kisima tena mpaka mkono yako ikue. Nenda na wana-mbuzi. Maji utabebea watoto."

Ekal akachukua fimbo akaenda. Na kwa sababu mstari ulikuwa umepungukiwa watu, mbuzi waliokuwa nyuma walikunywa jua likizama, wengine wakiwa wamelala chini kwa uchovu. Mimi nilikuwa nimekalishwa kivulini, napewa pole! Walinipa pole kwa mguu wangu ulioteleza. Niliipokea.

Akiru alinisindikiza mpaka barabarani. Tulipofika kwenye lami akasimama.

"Mimi nilikuwa juu," alisema. "Nikiwa juu naona mikono ya kila mtu."

"Akiru..."

"Ekal alikushikisha vizuri. Niliona vidole yako ikifunguka. Ekal amekuwa kwa hiyo mstari tangu akiwa mtoto, hajawahi mwaga hata kikombe. Leo wenzake wanamwita msichana." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Sitamwambia Baba. Utamwambia wewe. Na usinipigie simu kabla Ekal hajarudi kwa kisima."

Nililia kwenye gari mpaka Isiolo. Abiria aliyekaa karibu nami alidhani nimefiwa, akanipa ndizi.

Wiki zilizofuata sitaki kuzikumbuka. Akiru hakuja kunyoa. Nilimwona sokoni siku moja, nywele zimeota, na akapita kama hanijui. Kila nikiangalia kioo niliona ule mkono wa kulia umejaa, nikauchukia kabisa. Nikaanza kuvaa shati kazini. Wateja wakauliza kama naumwa.

Nilipochoka kukimbia, nilienda kwa Guyo. Salaam aleikum, nikamwambia, ingawa mimi si Mwislamu, nilitaka aanze akiwa na moyo mzuri. Nikamsimulia yote: asubuhi ambazo sikufanya, makalio niliyoinua, ndoo, Ekal. Nilidhani atanikemea. Guyo alicheka mpaka akashika ukuta! Alicheka mpaka mashine ya unga ikazimwa ili watu wasikie kuna nini. Kisha akapangusa macho.

"Lala," alisema.

Nikalala. Akanipa mkebe mdogo kabisa, ule ambao watoto wa jirani huchezea, akauweka mkononi mwangu wa kushoto. Halafu akachukua kikombe cha chai yake ya maziwa ya ngamia, kimejaa, akakisimamisha juu ya tumbo langu.

"Huo mkono ingine ilaze hapa kando, usiguse kikombe, usiguse benchi. Ikimwagika, unapangusa jim yote."

Rafiki yangu, nilipangusa jim yote. Niliipangusa siku ya kwanza, na ya pili, na siku nyingine nyingi. Vijana wa bodaboda walikuwa wanakuja hata siku zisizo zao kunitazama. Walinibandika jina la Kocha Nusu. Ukijikunja kidogo tu, chai inakwenda, tena ya moto! Lakini ndivyo nilivyojifunza kitu ambacho Guyo alikuwa ameniambia siku ya kwanza: kazi ya huo mkono mmoja inafanywa na mwili mzima. Visigino vinabana chini, tumbo linakazwa, mabega yanakaa kwenye benchi, na chuma kinashuka taratibu hata kama kinakuomba ukiangushe. Mkono wa kulia ulingoja zamu yake kama mtu mwingine yeyote, na ilipofika ulifanya ile ile ya kushoto, basi.

Siku niliyomaliza kushoto bila tone kumwagika, Guyo alichukua kikombe juu ya tumbo langu, akanywa chai, akasema imepoa.

Sikungoja mkono unenepe. Jumamosi iliyofuata nilinunua sukari na tumbaku, nikaenda Ngaremara bila kuitwa.

Walikuwa kisimani. Majirani wale wale, mti ule ule, Mzee akiwa na kofia yake, unyoya umefungwa kwa uzi na umeinamia kushoto. Ekal alikuwa mbali na wana-mbuzi. Akiru aliniona akashusha ndoo chini. Nilikuwa nimekariri maneno mazuri njia nzima. Yote yalipotea.

"Mzee," nikasema, "ile ndoo ni mimi. Ekal alinishikisha vizuri. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa dhaifu kwa sababu ya uvivu na majivuno, ndoo ikanitoka, halafu nikasema uongo kwa sababu ya woga. Nisamehe. Na yeye anisamehe."

Mzee alifungua tumbaku, akaweka kidogo mdomoni, akatafuna. Kisha akapiga kelele kuelekea kwa wana-mbuzi: "Ekal! Kuja!"

Ekal alikuja mbio. Mzee akamwambia maneno mawili matatu kwa Kiturkana, na yule kijana akaniangalia. Nikaona kitu kikipanda usoni mwake taratibu. Lilikuwa tabasamu, na halikuwa la huruma.

"Leo," Mzee akaniambia, "mimi nitakaa kwa kivuli. Wewe ingia chini kabisa. Ekal atasimama juu yako."

Nikashuka. Chini ni baridi, maji yanafika magotini, na ukiangalia juu unaona miguu ya Ekal, halafu mbingu ndogo kama sahani. Nikachota, nikasukuma juu. Nikachota tena. Ndoo ya tatu au ya nne, Ekal akaiinamisha makusudi na maji yakanimwagikia kichwani.

"Nani ameachilia?" akauliza.

"Ni mimi!" nikajibu.

"Sauti!"

"Ni mimi!"

Sauti ikapanda na ukuta mpaka nje, na nikasikia kicheko cha Akiru huko juu, kile kicheko nilichokuwa nimekikosa. Mzee naye akapaza sauti kutoka kivulini, "Geuza!" Nikageuza. Wa kushoto ukauma, ukachoka, lakini nilikaa katikati na haukufungua kidole. Ekal alinimwagia siku nzima. Kila akimwaga aliuliza, na kila akiuliza nilijibu. Wenzake walikuwa wamekuja ukingoni kusikiliza, na hakuna aliyemwita msichana tena.

Nilikwenda Jumamosi nyingi. Akiru alirudi kunyoa, akakaa kwenye kiti, akasema nimnyoe na nisiongee. Hiyo nayo niliishukuru. Lakini juu ya wazee wangu Mzee hakutamka chochote, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Mpaka majuzi. Tulikuwa tumeketi nyumbani kwao tukinywa chai, Mzee, Ekal, Akiru na mimi. Nikanyoosha mkono kuchukua sukari, kiwiko kikagusa kikombe cha Mzee, chai yote ikaenda kwenye mkeka na kwenye kofia yake, ambayo siku hiyo alikuwa ameivua na kuiweka kando.

"Ni mimi!" nikaruka, kabla hata kikombe hakijaacha kuzunguka. "Ni mimi, Mzee, ni mimi!"

Ekal akaniangalia. Halafu Mzee Lokai, ambaye sikuwahi kuona meno yake, akaanza kucheka. Alicheka akitikisa kofia, matone ya chai yakituangukia sote. Akapangusa ule unyoya uliopinda kwa kidole, akasema, "Sasa leta wazee yako."

Akiru aliingia jikoni haraka. Nilimsikia akilia huko ndani, na safari hii nilijua ni kwa furaha.

Kwa hivyo nisikilizeni, nyinyi mnaolala kwenye benchi mkianza na mkono unaopendeza watu. Anzeni na ule unaotetemeka, hata mlango ukiwa wazi na mama wa mahindi anawaombea. Visigino chini, makalio kwenye benchi, na wa kulia usizidishe hata moja. Na siku kitu kikikutoka mkononi, kisimani au popote, sema "ni mimi" kabla ya mtu kuuliza. Mimi nilichelewa, na kijana wa watu alichunga wana-mbuzi kwa ajili yangu. Shati nimevua, vesti nimerudia, na kamba ya kushoto bado huanguka kidogo. Ukiiona ikianguka, nyamaza, nyoa, uende zako.